Chujio la Shaba

Mohdhar alijifunza kufua shaba kwa babake, katika duka la mtaa wa Langoni, kusini mwa mji wa Amu, kisiwani Lamu. Babake alitengeneza madele ya kahawa, masinia ya harusini na mabakuli ya kunawia mikono, na zamani zake hakukuwa na nyumba ya heshima Amu isiyokuwa na chombo chake. Mzee alipokufa, meli zilikuwa zimeshaanza kuleta vyombo vya bati vya Ulaya, vyeupe ndani na buluu nje, vyepesi, visivyotaka kusuguliwa kwa majivu na ndimu. Wanawake wakavipenda. Kufikia mwaka wa pili wa vita vya Wazungu, kazi ya Mohdhar ilikuwa kuziba taa zinazovuja na kulehemu masufuria ya watu kwa risasi, na siku nyingine hata hiyo haikuja. Mikono yake ilikuwa bado na nguvu, jicho lake bado kali, na hakuna aliyevihitaji. Hilo lilimuuma kuliko njaa.

Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake Swafiya, aliyeolewa ng'ambo, bara. Mumewe, Madi, alikuwa mkulima wa ufuta na mahindi katika kijiji cha Mtangani, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu kutoka pwani ya Mokowe. Madi alikuwa mtu mrefu, mcheshi, mpenda kusikilizwa. Kila alipovuka kuja Amu alimletea Mohdhar kibuyu cha asali, akakaa dukani akasimulia mpaka adhana ikamnyamazisha.

Siku moja baada ya sala ya alasiri, Jeilani aliingia dukani. Jeilani na Mohdhar walisoma chuo kimoja cha Kurani, kisha Jeilani akaenda Mombasa akajifunza kuendesha motokaa. Sasa alikuwa dereva wa shamba moja la mpira la Wazungu upande wa bara.

"Assalaam aleikum, Bwana Mohdhar."

"Waaleikum salaam. Umekuya lini?"

"Yeo. Nimekuya kwa ajili yako wewe." Akafungua kitambaa, akaweka juu ya ubao duara la chuma, jembamba upande mmoja na nene upande wa pili. "Tazama."

Mohdhar alilipitisha duara lile kwenye ukucha wa kidole gumba. Lilikuwa limechimbika mistari mistari. "Hiki kimeliwa na nini?"

"Na hewa," alisema Jeilani. Akaeleza. Injini ya motokaa huvuta pumzi kama mtu, na isipovuta haiwaki. Lakini hewa ya njia za bara ilikuwa imejaa mchanga mwekundu, laini kama unga, na mchanga ule ukiingia ndani husaga vyuma mpaka injini inapoteza nguvu. Injini ya kwanza ilikuwa imekufa hivyo. Ya pili ilikuwa njiani kufa. "Meneja ameagiza chombo cha kuchuja hewa. Mombasa nao wameagiza Ulaya. Na vita ndivyo hivyo, ndia zote zimefungwa. Kanambia nikipata fundi wa kukitengeneza huku, nimlete."

"Mimi sijapata kuishika motokaa."

"Shaba umeishika," alisema Jeilani.

Wakavuka pamoja asubuhi yake.

Motokaa ilikuwa imesimama chini ya banda la makuti hapo Mokowe. Ilikuwa kubwa kuliko alivyodhani Mohdhar, na magurudumu yake yalikuwa mazito kama mawe ya kusagia. Jeilani alifunua kifuniko cha injini, akamwonyesha tundu la kuvutia hewa. Lilikuwa chini, ubavuni, karibu na gurudumu la mbele, mahali hasa gurudumu linapotimua vumbi. Mohdhar alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtaka Jeilani aendeshe, na yeye akatembea nyuma na kando, akitazama vumbi linavyopanda. Chini ya kiuno lilikuwa zito, hata miguu ya mtu haionekani. Juu ya paa la dereva hewa ilikuwa na nafuu.

"Basi na ivute kutoka juu," alisema.

Ndani ya kifuniko hapakuwa na nafasi hata ya kuingiza ngumi. Chombo kingelazimika kufungwa nje, ubavuni, kando ya ngazi ya dereva.

Cha kwanza alikitengeneza kwa bati, na ndani akaweka kitambaa cha kanzu. Motokaa ilikwenda mwendo mfupi, ikaanza kukohoa, ikazimika. Kitambaa kilikuwa kimejaa vumbi, hakipitishi pumzi. Akarudi Amu, akafikiri kwa siku kadhaa. Alikuwa hali vizuri wala halali vizuri, na mkewe Ruqaya alimwambia kwamba hajamwona na furaha namna ile tangu walipooana.

Cha pili alikifua kwa shaba. Kilikuwa mtungi wa mviringo, mrefu kama mkono wa mtu mzima. Hewa iliingia kwa bomba refu lililopanda hadi juu ya paa, ikashuka mpaka chini ya mtungi, palipokuwa na kina cha mafuta. Hapo ilipinda kupanda tena, na mchanga mzito ukabaki kwenye mafuta. Kisha ikapenya katikati ya usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, uliolowekwa mafuta hayo hayo, na vumbi laini likanasa humo. Mwisho ikapita kwenye wavu wa waya, ili nyuzi zisivutwe, ndipo ikaingia injini. Bomba la kuunganishia alilifunga kwa mpira wa shamba lenyewe. Mishono aliilehemu kwa risasi, na mtikisiko wa njia ukaipasua siku hiyo hiyo. Akaifumua yote, akaipiga misumari ya ribiti kwanza, akalehemu juu yake. Kati ya mtungi na ubavu wa motokaa akaweka ngozi ya ng'ombe, akaukaza kwa mikanda miwili ya chuma.

Jeilani alikwenda nayo hadi mwisho wa mashamba ya mpira na kurudi. Mohdhar alifungua bomba la injini, akaingiza kitambaa cheupe kwa kidole, akakizungusha, akakitoa. Kilikuwa cheupe vile vile. Chini ya mtungi, mafuta yalikuwa yamegeuka tope jekundu.

Meneja alikuja, akaugonga mtungi kwa kifundo cha kidole, akasema neno kwa lugha yao, akacheka. Mohdhar hakuelewa neno lile. Alielewa kicheko.

Siku hiyo Swafiya na Madi walikuwa wamefika Mokowe na mizigo ya ufuta, wao na wanakijiji wengine, vichwa vimeinama kwa uzito. Madi aliizunguka motokaa mara kadhaa, akaligusa chujio kwa mkono.

"Kaka Mohdhar, sasa itaweza kufika kwetu?"

"Itafika. Ndia yenu ndiyo tatizo, si injini tena."

"Ndia niachieni mimi," alisema Madi.

Akarudi Mtangani, akawakusanya wanaume. Wakakata vichaka, wakang'oa visiki, na pale mchanga ulipokuwa tifutifu wakalaza miti na kuifunika kwa udongo. Walifanya kazi ile kwa hiari yao, kwa nyimbo. Mavuno yalipokuja, motokaa ikaingia kijijini kwa mara ya kwanza, ikapiga honi, na watu wote wakatoka na magunia yao. Meneja alichukua sehemu ya ufuta kwa usafiri, na hata hivyo waliona wamepata. Bi Mwanamkisi, mamake Madi, ambaye shingo yake ilikuwa imepinda kwa miaka ya kubeba, alimwombea Mohdhar dua mbele ya watu. Swafiya alitembea kijijini siku ile kama bibi arusi. Kila aliyeuliza, alimjibu, "Ni kaka yangu aliyekifua."

Hali ikawa hivyo kwa mwaka mmoja.

Kisha vita vikataka watu. Huko kusini, kwenye nchi ya Wadachi, yaani Wajerumani, jeshi la Waingereza lilikuwa likienda porini pasipo na reli, na mizigo yake ilibebwa na wapagazi, na wapagazi walikuwa wakifa. Walitakiwa wengine, na wengine tena. Askari walipita bara yote ya Amu kutafuta wanaume wenye nguvu. Walipokwenda kwa miguu hawakupata wengi, maana habari ziliwatangulia. Kabla hawajafika kijijini vijana walikuwa wameshaingia msituni, na askari walikuta wazee na kuku.

Mwisho wa kaskazi, jua likiwa kali na njia kavu, Mohdhar aliitwa Mokowe kuliangalia chujio. Alivuka na debe la mafuta na usumba mpya. Alikuwa akifanya hivyo mara kwa mara, na siku zote alikwenda kwa raha. Alifungua mtungi, akamwaga tope, akausuuza kwa mafuta ya taa, akaweka usumba safi. Alipoinua kichwa aliwaona askari wamekaa kivulini mwa ghala, bunduki zimeegemezwa ukutani. Karibu yao palikuwa na rundo la kamba mpya.

Jeilani alikuwa akikaza nati za gurudumu.

"Yeo inakwenda wapi?" aliuliza Mohdhar.

"Mtangani."

"Kutwaa nini?"

"Mizigo."

"Mizigo gani, nao ndio kwanza wanalima?"

Jeilani hakuinua uso. "Bwana Mohdhar, fanya kazi yako. Na mimi nifanye yangu."

Mohdhar alibaki na ufunguo wa kukazia nati mkononi. Mikanda miwili ya chujio ilikuwa bado imelegea. Angeweza kuiacha hivyo, na kabla ya nusu ya njia bomba lingechomoka, injini ingemeza mchanga, na pengine ingezimika. Angeweza pia kutoka hapo akaenda zake kwa miguu, akamtafuta mtu wa mbio wa kuwaonya Mtangani. Aliwatazama askari. Mmoja wao alikuwa akimtazama yeye. Akaiinamia kazi, akakaza mkanda wa kwanza, akakaza wa pili, akajaribu kwa mkono kama mtungi unatikisika. Haukutikisika.

Motokaa ilifika Mtangani kabla ya adhuhuri. Honi ikalia. Watu walidhani meneja amekuja kuzungumza habari za mavuno yajayo, wakatoka. Madi alikuwa wa kwanza. Asubuhi alikuwa njiani akifukia mashimo ili motokaa isipate taabu, na jembe lilikuwa bado mkononi. Askari waliruka chini kutoka nyuma, palipokuwa pakipakiwa magunia zamani, wakamshika yeye na jembe lake. Waliokimbia walifukuzwa. Waliokamatwa walifungwa kamba kiunoni, mmoja kwa mwenziwe, wakapandishwa. Bi Mwanamkisi aliishika kamba ya mwanawe kwa mikono miwili, na askari aliibandua mikono ile kidole kimoja kimoja, bila kumpiga, kama mtu anayembandua kaa wavuni.

Jeilani hakushuka kwenye kiti chake. Aligeuza motokaa, akarudi Mokowe kwa njia ile ile iliyotengenezwa na Madi.

Swafiya alifika Amu siku ya pili yake, amefunga mwanawe mdogo, Esha, mgongoni. Alipopita Mokowe watu walimwambia jahazi la wapagazi limeshang'oa nanga kwenda Mombasa. Aliingia dukani kwa kakake, akakaa chini pale pale kizingitini, buibui lake likiwa jekundu kwa vumbi.

"Wamemtwaa Madi," alisema.

Mohdhar alikuwa amezisikia habari tangu jana.

"Honi ilipolia, Madi alitaka kusimama kwanza, atazame ni nani. Mimi ndimi niliyemwambia atoke. Nilimwambia, ni motokaa ya chombo cha kaka." Alimshusha mtoto mgongoni. "Ulijua?"

"Sikujua."

"Uliuliza?"

Mohdhar aliangalia nyundo yake.

"Basi enda kwa huyo Mzungu wa wapagazi," alisema Swafiya. "Akujua. Mwambie akurudishie shemejiyo."

Afisa wa wapagazi alikuwa mtu wa makamo, mwekundu wa shingo, aliyesema Kiswahili cha bara. Mohdhar alimkuta Mokowe mezani, akasimama mbele yake na kofia yake mkononi, ingawa hakuna aliyemwambia aivue.

"Wewe ndiye fundi wa lile chujio," alisema afisa. "Kazi nzuri sana. Tulikwenda na kurudi bila kusimama hata mara moja."

"Bwana, katika watu wale yumo shemeji yangu. Ana mke na mtoto na mama mzee."

"Kila mmoja wao ni shemeji wa mtu," alisema afisa, bila ukali. Akafikiri. "Motokaa zetu kule kusini zinakufa kwa vumbi. Nitengenezee machujio kama lile, ya kujaza kreti mbili. Ukimaliza, nitapeleka neno Mombasa atafutwe huyo mtu wako, arudishwe."

"Bwana atapeleka?"

"Nimesema nitapeleka."

Shaba haikupatikana Amu. Vita viliimeza. Mohdhar alimweleza dadake maneno ya afisa, na Swafiya akarudi Mtangani kwa miguu, akaja na vyombo vyake vya harusi vimefungwa kwenye mkeka: sinia kubwa la mama yao, mabakuli mawili ya kunawia, na dele la kahawa. Vyote baba yao ndiye aliyevifua. Ruqaya naye alitoa vyake bila kuombwa, akaingia ndani.

Mohdhar alilishika sinia lile. Ukingoni palikuwa na maua madogo yaliyochongwa kwa mkono, na alikumbuka msimu babake alipoyachonga. Alilipindua, akalipindua tena.

"Kata," alisema Swafiya.

Akakata.

Masika yalikuwa yameshaingia. Mvua ilipiga juu ya makuti ya duka, na hao ndugu wawili walifanya kazi tangu asubuhi hadi magharibi. Mohdhar alifua, akapiga ribiti, akalehemu. Swafiya alikaa kwenye jamvi akichambua usumba, akiutenganisha nyuzi nyuzi mpaka vidole vikamchanika, na Esha akilala kando yake. Hawakuzungumza ila kwa ajili ya kazi. Nipe waya. Usumba huu unatosha. Huu una chumvi, uoshe. Siku nyingi zilipita kabla Mohdhar hajagundua kwamba dadake hamwiti kaka tena. Hamwiti kwa jina lolote.

Siku moja Swafiya aliuliza, bila kuacha kuchambua, "Kila kimoja kitafungwa kwenye motokaa moja?"

"Ndiyo."

"Na motokaa hiyo itakwenda kwenye mui wa nani, kijiji cha nani?"

Nyundo ilisimama. "Sijui."

"Na mimi sijui," alisema Swafiya. "Fua."

Walimaliza kabla ya Ramadhani. Machujio yalipakiwa kwenye kreti, kwa nyasi kavu, na afisa aliyahesabu, akaridhika, akampa Mohdhar mkono. Alisema neno litakwenda kwa meli ile ile. Swafiya alibaki Amu, nyumbani kwa kakake, karibu na habari. Kila meli ilipokuja kutoka Mombasa alishuka pwani, akasimama nyuma ya wachukuzi na kuwatazama wanaoshuka. Ramadhani ilipita, na sikukuu ikapita. Mohdhar alivuka Mokowe kuuliza, akaambiwa afisa yule amehamishwa. Mahali pake palikuwa na mwingine, kijana, asiyejua lolote juu ya machujio.

"Nambari yake ngapi, huyo mtu?" aliuliza huyo kijana.

"Anaitwa Madi, Bwana. Madi wa Mtangani."

"Nambari," alisema tena. "Majina ni mengi."

Mwisho wa mwaka wa Kizungu, kusi ikiwa imekwisha, alishuka melini mtu ambaye Swafiya hakumtambua mpaka alipotamka salamu. Alikuwa Kamaludin, jirani wa Mtangani, aliyefungwa kamba moja na Madi. Alikuwa amebaki mifupa na macho. Walimfukuza kambini kwa sababu hakuweza tena kusimama na mzigo. Swafiya alimpeleka nyumbani, akampa uji, akamngoja aunywe. Mohdhar alikuwapo, amekaa karibu na mlango.

"Sema," alisema Swafiya.

"Tulishushwa Kilwa," alisema Kamaludin. "Mvua ilinyesha usiku na mchana. Hatukuwa na paa. Unga waliotupa hatukujua kuupika, na kuni zilikuwa mbichi, tukaula mbichi. Matumbo yakatuharibikia sote. Madi alianza kuhara damu. Alisema mpaka siku ya mwisho alivyokuwa akisema kwenu, Bi Swafiya, hadithi zake zile. Tulimzika kando ya njia. Mimi na wawili wengine. Tulimsalia."

"Masika yalikuwa katikati?"

"Yalikuwa yameanza tu."

Swafiya alihesabu moyoni. "Basi sinia la mama tulilikata, naye yumo kaburini."

Mohdhar aliuliza kwa sauti ndogo, "Na motokaa? Mliziona motokaa huko?"

"Tuliziona. Zilizama matopeni, tukazivuta kwa kamba. Huko hakukuwa na vumbi, Bwana Mohdhar. Huko kulikuwa na matope hadi magotini." Kamaludin alikitazama kikombe cha uji. "Zikishindwa kabisa, tulitwikwa mizigo yake vichwani."

Swafiya alikwenda kwa sheikh kuuliza habari za eda. Sheikh alimuuliza mumewe alikufa lini, akahesabu kwa vidole, kisha akamwambia kwa upole kwamba eda huanza siku ya kifo, si siku ya habari, na yake imeshapita. Alikuwa amekwisha kukaa eda bila kujua, akichambua usumba na kushuka pwani kutazama meli. Hapakuwa na kitu kilichobaki cha kufanya. Hata hivyo alivua vikuku vyake, akakaa ndani.

Mohdhar alimfuata chumbani siku chache baadaye. Alisimama mlangoni.

"Uliponiuliza kama niliuliza," alisema. "Niliuliza. Jeilani akanambia ni mizigo, na nikajua si mizigo. Niliwaona askari, nikaziona kamba. Mikanda ilikuwa imelegea. Nikaikaza."

"Najua," alisema Swafiya.

"Umejuaje?"

"Ulipotazama nyundo. Tangu siku ile najua."

"Na ukakaa nami dukani masika yote."

"Nilimtaka mume wangu. Ningekaa na yeyote."

Swafiya alirudi Mtangani na mwanawe na Kamaludin. Wanakijiji, wanawake wengi wao na wazee, walikuwa wameikata ile njia. Walichimba handaki pana mahali penye miti iliyolazwa, wakaing'oa miti yenyewe, wakaichoma. Motokaa haikufika tena. Mohdhar alifunga duka. Jeilani alimtumia ujumbe mara mbili kwamba chujio limepasuka mshono, naye hakujibu. Baadaye akasikia kwamba injini imekufa, na kwamba Jeilani ameondoka kwenda Mombasa. Hakufurahi, wala hakuhuzunika.

Baada ya mavuno mawili, mtu alikuja Amu kutoka Mtangani kumwambia Bwana Mohdhar anahitajiwa. Alivuka, akatembea kutwa nzima, akafika miguu imevimba. Alimkuta Bi Mwanamkisi barazani, ambaye hakumwitikia salamu. Kamaludin alimtolea kiti na kumweleza. Alikuwa amepona, kadiri mtu anavyopona, na alikuwa akilima shamba la Madi pamoja na lake. Alitaka kumuoa Swafiya, na Swafiya amekubali, na Bi Mwanamkisi ameridhia. Ila baba hayuko, babu hayuko, na mwanamke haozwi bila walii. Walii wake ni kakake.

"Kama si hivyo tusingekusumbua," alisema Kamaludin, na alisema kwa adabu.

Ndoa ilifungwa baada ya sala ya Ijumaa, katika msikiti wa udongo wa kijiji, mbele ya wazee. Mohdhar alikaa magoti kwa magoti na Kamaludin, mkono kwa mkono, na mwalimu akamlisha maneno. Nimekuoza dada yangu, Swafiya, kwa mahari mliyokubaliana. Aliyasema yote bila kukosea. Ilikuwa mara ya kwanza tangu masika yale kumwita Swafiya dada yake mbele ya watu, na hakuna aliyepinga.

Alitaka kumwona. Alikwenda mpaka ukumbi wa nyumba ambako wanawake walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, maana ilikuwa harusi ya mjane. Akabisha hodi, akasema ni yeye. Nyimbo zilikoma. Alisikia wanawake wakinong'ona. Alingoja.

Aliyetoka ni Esha, amekua, amevaa kanga mpya. Alibeba sahani ya wali na samaki iliyofunikwa, akampa mjomba wake kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

"Mama amesema ule ushibe," alisema mtoto. "Na amesema kuna watu wanaokwenda Mokowe sasa hivi. Ukiwawahi, hutatembea peke yako."

Mohdhar alikula akiwa amesimama. Alikula yote, akarudisha sahani, akawafuata.